Kadi za mtandao za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kwa watu wanaofufua kompyuta za 8088, 286, 386, 486 na Pentium za mwanzo. Sehemu kubwa inahusu Ethernet, mtandao wa waya, kwenye sloti za ISA (nafasi za zamani za kuchomekea kadi) chini ya DOS, maana huko ndiko watu wanakokwama. Kadi za PCI, aina ya sloti iliyofuata ISA, zimeguswa kidogo tu. Namba yenye herufi h mwishoni ni ya heksadesimali.

## Kuitambua kadi

1. Kompyuta ina kadi nne nyuma. Nitajuaje ipi ni ya mtandao?

Weka bisibisi chini kwanza, uangalie mgongo wa mashine. Kadi ya Ethernet ya zamani ina tundu moja au zaidi kati ya haya matatu: RJ-45, linalofanana na la simu ila ni pana zaidi, BNC, duara la chuma lenye vijipembe viwili ubavuni, na AUI, tundu la pini 15 lenye kibati cha kuteleza cha kubania plagi.

Kuna yanayofanana na hayo ambayo siyo. Tundu la pini 15 lisilo na kibati cha kuteleza huenda ni la joystiki kwenye kadi ya sauti. Tundu la pini 9 la kike linaweza kuwa la Token Ring ya IBM, au la skrini ya CGA au EGA. BNC peke yake, hasa ikiwa kadi ina safu ya swichi ndogo nane, inaweza kuwa ARCNET, mtandao mwingine kabisa wa 2.5 Mbps unaotumia waya wa ohm 93. Token Ring na ARCNET haziongei na Ethernet hata ukilazimisha plagi iingie.

2. Kadi haina jina lolote. Nianze kusoma wapi?

Anza na chipu kubwa kuliko zote. Stika iliyobandikwa nje hudanganya: kiwanda kimoja kilitengeneza, kampuni kumi zikaweka majina yao. Chipu haibadiliki. Safisha vumbi kwa brashi laini, elekeza tochi ya simu kwa pembeni badala ya juu, na maandishi yaliyofifia yatajitokeza.

Majina utakayokutana nayo zaidi kwenye ISA: DP8390 ya National Semiconductor, RTL8019 au RTL8019AS ya Realtek, UM9003 ya UMC, DM9008 ya Davicom, Am79C960 ya AMD, na chipu za 3Com zilizoandikwa jina la kampuni yenyewe. Ukiona DP8390 akiwa na jamaa zake DP8391 na DP8392, hiyo ni kadi ya kizazi cha mwanzo, na 8392 ndiye anayehudumia waya wa BNC.

Chipu ikishindikana kusomeka, igeuze kadi utafute namba ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani. Marekani ilidai namba hiyo kwa vifaa vingi vya kielektroniki, na herufi zake za mwanzo humtaja aliyeomba kibali. Mara nyingi ndiye mtengenezaji halisi, si yule wa kwenye stika.

3. Kuna stika ndogo yenye herufi na namba 12. Inanisaidia nini?

Hiyo ni anwani ya MAC, namba inayoitambulisha kadi mtandaoni. Namba sita za mwanzo zilitolewa kwa mtengenezaji. Baadhi ya za kukariri: 00608C, 02608C, 00A024 na 0020AF ni za 3Com, 00001B ni Novell, 0000C0 ni Western Digital, ambayo biashara yake ya kadi za mtandao baadaye ilikwenda SMC, 00AA00 ni Intel, 00E04C ni Realtek. Kadi nyingi za bei rahisi hazina stika, lakini anwani imo ndani na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, itaionyesha (tazama swali la 15).

4. Watu husema kadi "inaoana na NE2000". Maana yake nini?

NE2000 ilikuwa kadi ya Novell ya biti 16, ndugu mkubwa wa NE1000 ya biti 8. Zote zilijengwa juu ya DP8390. Ilikuwa rahisi kuiga, basi ikaigwa na kila mtu, hadi "NE2000" ikawa jina la aina badala ya jina la bidhaa. Kwako maana yake ni moja: draiva ya NE2000 ipo karibu kwenye kila mfumo, kwa hiyo kadi isiyo na jina wala disketi bado ina matumaini.

Tahadhari iko kwenye neno "inaoana". Kadi halisi ina kumbukumbu ndogo ya anwani ambayo baiti zake mbili za mwisho ni 57h, yaani herufi W mara mbili. Draiva husoma hapo kuthibitisha. Baadhi ya waigaji hawakuweka alama hiyo, na draiva yenye msimamo mkali hukataa kadi iliyo nzima kabisa. Jaribu draiva nyingine ya NE2000 kabla hujaitupa.

5. Sloti ya biti 8, ya biti 16 na PCI natofautishaje?

Hesabu vipande vya meno ya dhahabu. Kadi ya biti 8 ina kipande kimoja cha pini 62. Ya biti 16 inaongeza kipande kifupi cha pili cha pini 36. PCI ina meno membamba yaliyobanana, na sloti zake kwa kawaida ni nyeupe. Kama una PCI, maisha yako ni mepesi: washa Linux yoyote ya zamani, andika `lspci -nn`, usome namba pacha. 10ec:8029 ni RTL8029, ambayo ni NE2000 ndani ya nguo za PCI. 10ec:8139 ni RTL8139. 10b7 ni 3Com. 8086:1229 ni Intel. Na 1011 ni Digital, zile ambazo watu huziita Tulip.

## IRQ, anwani na jampa

6. IRQ na anwani ya I/O ni nini, na nichague zipi?

Anwani ya I/O ni mlango ambao prosesa huugonga ili kuongea na kadi. IRQ ni kengele ambayo kadi huipiga ikiwa na jambo. Kwenye ISA vifaa viwili haviwezi kugombea mlango mmoja, na kugombea kengele ni kutafuta matatizo.

Kwenye 286 na kuendelea, anza na anwani 300h na IRQ 10. IRQ 3 na 4 ni za porti za siriali, 5 mara nyingi imechukuliwa na kadi ya sauti, 7 ni ya printa, 12 ni ya kipanya cha PS/2, 14 na 15 ni za diski. Kadi nyingi zilitoka kiwandani zikiwa IRQ 3, na ndiyo sababu kubwa ya mgongano na COM2, porti ya pili ya siriali. Ukiweza, zima COM2 au uhamishe kadi.

Sasa sehemu inayowaponza hata mafundi. NE2000 haichukui mlango mmoja. Inachukua milango 32 mfululizo. Ukiiweka 320h, inafika hadi 33Fh, na katikati yake kuna 330h, ambayo kadi nyingi za sauti huitumia kwa muziki wa MIDI. Ukiiweka 360h, inafika 37Fh na kuikanyaga printa ya LPT1 iliyoko 378h. Niliwahi kumaliza jioni nzima nikiilaumu kadi isiyo na kosa, kumbe ni ala za muziki zilizokuwa zimekaa mlangoni. Chaguo la pili zuri baada ya 300h ni 340h, kisha 280h.

7. Nitajuaje anwani fulani iko wazi?

MSD, programu ya uchunguzi iliyokuja na DOS 6, itakuonyesha IRQ zinazotumika, ingawa haioni kila kitu. Kwa anwani, tumia DEBUG. Kabla ya kuchomeka kadi, andika:

```
C:\>DEBUG
-i 300
FF
-q
```

FF kwa kawaida ina maana hakuna mtu nyumbani. Zima, chomeka kadi, rudia. NE2000 iliyotoka kuwashwa mara nyingi hujibu 21. Ikiendelea kusema FF, kadi iko kwenye anwani nyingine au haijakaa vizuri kwenye sloti. Usichezee milango ovyo kwa amri ya `o`, maana hiyo inaandika badala ya kusoma.

8. Kadi ina jampa nyingi na hakuna maelezo. Nifanyeje?

Jampa ni vile vizibo vidogo vinavyounganisha pini mbili. Soma kwanza maandishi meupe yaliyochapwa kwenye bodi. Ukiona safu imeandikwa 3 4 5 9 10 11, hizo ni IRQ. Safu yenye 280, 300, 320 ni anwani. Safu yenye C800, D000 inahusu soketi ya chipu ya kuwashia mashine kupitia mtandao, iache imezimwa. Kundi la jampa tano, sita au zaidi zinazohama pamoja upande mmoja hadi mwingine huchagua kati ya BNC na AUI. Utalitambua pia kwa kiboksi kidogo kilicho karibu na BNC: kinatengeneza umeme wa pekee wa volti 9 kwa ajili ya waya huo.

Kabla ya kuhamisha chochote, piga picha. Kisha badilisha jampa moja kwa wakati. Anayebadilisha tatu pamoja hatajua ipi ilimsaidia.

9. Kadi haina jampa hata moja. Inapangwaje?

Kwa programu. Mpangilio hukaa kwenye chipu ndogo ya miguu minane, ambayo kwenye kadi nyingi imeandikwa 93C46, na haifutiki mashine ikizimwa. Kila familia ina programu yake: 3C5X9CFG kwa 3Com EtherLink III, yaani 3C509 na 3C509B, RSET8019 kwa RTL8019AS, SOFTSET kwa Intel EtherExpress. Washa DOS tupu bila EMM386 (msimamizi wa kumbukumbu wa DOS) wala draiva za mtandao, ndipo uiendeshe.

Uzuri wa 3C509 ni kwamba programu yake huikuta kadi hata kama hujui anwani yake; ina namna ya kuita kadi zote za aina hiyo na kuzitenganisha kwa MAC zao. Ndiyo maana mimi nikiulizwa kadi ya kununua kwa 386, hujibu 3C509B bila kufikiri sana.

Ukiwa ndani ya programu hiyo, kagua pia mpangilio wa tundu. Kadi iliyotoka ofisi iliyotumia waya wa BNC mara nyingi bado imefungwa kwenye BNC, na mtu huchomeka RJ-45 akashangaa giza.

10. Nizime Plug and Play?

Kwenye DOS na Windows 3.11, ndiyo. Kadi yenye Plug and Play inasubiri kupangiwa na BIOS, programu ya msingi ya bodi kuu, au mfumo, na kwenye 386 au 486 nyingi hakuna wa kuipangia. Iweke kwenye anwani na IRQ za kudumu. Kwenye Windows 95 unaweza kuiacha. Ukiamua kuizima kwenye Pentium, ingia BIOS uitenge ile IRQ kwa ajili ya ISA, la sivyo BIOS itampa kifaa cha PCI.

11. Kadi ilifanya kazi mpaka nilipowasha EMM386. Kwa nini?

Kadi kama WD8003 na ndugu zake wa SMC hutumia kipande cha kumbukumbu ya juu, mara nyingi kuanzia D000. EMM386 huona sehemu hiyo iko tupu na kuinyakua. Mkataze ndani ya CONFIG.SYS:

```
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE RAM X=D000-D3FF
```

Hiyo inalinda KB 16. Kadi zinazooana na NE2000 hazina shida hii, labda kama umewasha soketi ya swali la 8.

## Waya

12. Kadi ina matundu matatu. Nitumie lipi?

RJ-45 kama lipo, na waya wa kawaida wa mtandao hadi swichi. Kama kuna AUI peke yake, tafuta kibadilishi cha AUI kwenda RJ-45. Hupata umeme kutoka kwenye kadi yenyewe. Narudia kwa sababu imeshaunguza vitu: hakikisha hilo tundu la pini 15 si la joystiki.

13. Nina BNC mbili na waya, lakini hakuna kinachosikika.

Mtandao wa 10BASE2 hauna swichi. Ni waya mmoja wa RG-58 wa ohm 50 unaopita kutoka mashine hadi mashine. Kila kadi inashikwa kwa kiungo chenye umbo la T, moja kwa moja, bila mkia wa waya kati ya T na kadi. Ncha mbili za mwisho zinafungwa kwa vizibo vya ohm 50. Bila vizibo ishara hugonga mwisho na kurudi, na mtandao wote unakufa, hata zile mashine zilizo karibu. Urefu usizidi mita 185, mashine zisizidi 30, na kati ya T na T iwe angalau nusu mita. Waya wa antena ya televisheni ni wa ohm 75, usiutumie.

Kipimo cha haraka: zima mashine, weka maltimita kati ya pini ya katikati na ganda kwenye T yoyote. Ukisoma karibu ohm 25, vizibo vyote viwili vipo. Ohm 50, kimoja kimepotea au waya umekatika mahali. Hakuna njia nyingine inayookoa muda kama hii.

14. Nimechomeka kwenye swichi mpya, taa haiwaki.

Swichi nyingi za gigabiti bado zinakubali 10 Mbps, lakini nyingi za kasi zaidi ya hapo hazishuki hivyo. Weka katikati swichi ya zamani ya 10/100. Kagua pia kama kadi imechagua RJ-45 (swali la 9).

Kosa la pili halionekani kwenye taa. Kadi za 10 Mbps za enzi hizo hazijadiliani na swichi, na swichi isiyojibiwa huchukulia kuwa upande wa pili hauwezi kutuma na kupokea kwa pamoja. Ukiilazimisha kadi ifanye yote mawili kwa pamoja kwenye programu yake, ping, jaribio dogo la kuita mashine nyingine, itapita vizuri lakini faili kubwa litatambaa. Rudisha kama lilivyokuwa.

## Draiva

15. Draiva imepakia bila kulalamika, lakini ping haijibu. Kadi imekufa?

Pengine hapana. Soma mstari ambao draiva imeandika. Kwa DOS tuseme umetumia draiva ya pakiti ya mkusanyiko wa Crynwr:

```
NE2000 0x60 10 0x300
```

0x60 ni namba ya katizo la programu, 10 ni IRQ, 0x300 ni anwani. IRQ imeandikwa kwa desimali. Ukiandika 0x10 umesema 16, na IRQ 16 haipo.

Ikionyesha MAC ya FF:FF:FF:FF:FF:FF, draiva inagonga mlango usio na mtu: anwani ya I/O si sahihi. Ikionyesha MAC yenye maana, na sita za mwanzo zinafanana na za mtengenezaji, basi kadi ni hai na anwani ni sahihi. Kimya kinachobaki kinatokana na IRQ au waya. Angalia taa ya swichi ukiita ping: ikipepesa, unatuma lakini kengele haisikiki, na tatizo ni IRQ. Isipopepesa, rudi maswali ya 12 hadi 14.

16. Draiva ya pakiti, ODI, NDIS. Nahitaji ipi?

Hizo ni namna tatu za draiva kuongea na programu za mtandao. Inategemea utakachoendesha. Kwa FTP, telnet na IRC za DOS kupitia mTCP ya Michael Brutman, tumia draiva ya pakiti. Kwa seva ya NetWare, mfumo wa mtandao wa Novell, tumia ODI: LSL, kisha draiva ya kadi, kisha IPXODI, na mipangilio ndani ya NET.CFG. Windows for Workgroups 3.11 inataka NDIS. TCP/IP yake haimo ndani, unaongeza TCP/IP-32 ya Microsoft.

17. NE2000.COM yangu inasema haijaikuta LSL. LSL ni nini?

LSL ni kipande cha ODI kinachopakiwa kwanza (swali la 16). Umechukua NE2000.COM ya Novell, ambayo ni ya ODI, badala ya ile ya pakiti. Jina ni lilelile, kazi ni mbalimbali. Ninapozipokea huzibadilisha jina papo hapo: NEPKT.COM na NEODI.COM.

18. Seva ya NetWare ipo hewani lakini mashine haioni.

Linganisha aina ya fremu, yaani namna data inavyofungwa kabla ya kutumwa. NetWare 3.11 ilikuja na Ethernet_802.3, na 3.12 na 4 zikahamia Ethernet_802.2. Andika ya seva yako kwenye NET.CFG.

## Mambo ya pembeni

19. Nina PC au XT ya 8088. Kadi ya biti 16 itaingia?

Nyingine zitaingia. 3C509B na kadi nyingi za RTL8019AS zinakubali sloti ya biti 8, kipande cha pili kikining'inia hewani. NE2000 asilia, usiitegemee. Mipaka mitatu: IRQ zinaishia 7, kwa hiyo chagua 3, au 5 kama diski kuu ya XT haiitumii. Anwani 300h huenda imechukuliwa na kadi ya diski ya XT-IDE. Na draiva nyingi hutumia amri za INSW na OUTSW, ambazo 8088 haizijui. Mashine itaganda bila neno. Tafuta draiva iliyoandikwa kwa 8088.

20. PS/2 yangu ya IBM haikubali kadi hizi.

Sloti zake ni Micro Channel, si ISA. Kadi zake hazina jampa. Zinapangwa kwa disketi ya rejea ya mashine pamoja na faili la ADF, lenye maelezo ya kadi. Mashine ikiwaka na kukwambia kuna kadi namba 6042, unatafuta faili liitwalo @6042.ADF, nayo ni 3Com 3C523. Kwa hiyo hapa utambuzi ni rahisi kuliko ISA: mashine yenyewe inakutajia.

21. Kadi mbili za aina moja hazifanyi kazi pamoja. Kila moja peke yake ni nzima.

Linganisha MAC zake. Kadi za bei rahisi, au zilizoandikwa upya na mtu, huweza kubeba anwani moja. Kama mpangilio uko kwenye 93C46, baadhi ya programu za kupangia huruhusu kuibadilisha. Vinginevyo weka kadi hizo kwenye mitandao tofauti.

22. Nikishaunganisha, nitafungua tovuti za leo?

Karibu zote hazitafunguka, maana zinadai usimbaji ambao 386 haiubebi. Weka seva ya FTP kwenye kompyuta mpya ya nyumbani, na mashine ya zamani ichukue mafaili kutoka hapo. Usiiwekee njia ya moja kwa moja kutoka nje kupitia ruta.